Mzimu Uliokwenda Harusini

Al-Safa, Jumanne

Binti yangu Salma anaolewa, tena na mwalimu! Uzuri kautoa kwangu, asibishe mtu.

Nilimwambia madam, mwajiri wangu huku ugenini, tukitazama filamu ya kutisha ya Kimalesia. "Mabruk," akasema, "lakini likizo mafi, hakuna, mpaka mkataba uishe." Kisha akajifunika uso kwa mto, maana mama aliyekufa alikuwa anatoka kaburini kwenda harusini kwa bintiye.

Mimi sikuogopa. Tamthilia za hao Wamalesia ndizo sizipendi, watu wanalia kutwa na wanja hauchuruziki. Lakini mzimu yule nilimwonea wivu. Hakuomba ruhusa kwa kafili yeyote, mwajiri aliyemdhamini.

Dada yangu ameahidi kunishikia simu niwaone. Lakini kigelegele cha kwanza atapiga nani, kama mimi…

Wageni wote wanafika kwetu Likoni Jumamosi kwa harusi, ila mimi.