Leso ya Nawal Iko Mlangoni

Houston, Jumamosi, Machi 2003

Kwa dada yangu Hasina,

Salaam aleikum. Mimi na Nusra tu wazima. Goti lako je, ile dawa ya kuchua yasaidia? Nusra akusalimu, shangazi yake. Kiswahili chamtoka. Nikimuuliza, anijibu Kiingereza.

Wanijua, mimi si mtu wa kuandika. Leo nina neno.

Twachimba misingi ya nyumba nje ya mji, karibu na mto. Zamani lilikuwa shamba la miwa. Niko na Placide, Mkongo, mtu wa mzaha. Kila adhuhuri nikitandika leso ya marehemu Nawal niswali, hunicheka, ati mwanamume mzima atembea na nguo ya mke. Hajui nimebaki na hiyo tu.

Jumatatu tingatinga likatoa mifupa ya mtu. Nyapara akasema ya ng'ombe, tutupe kwenye kifusi. Hasina, ng'ombe hafungwi pingu. Mfupa wa mguu ulikuwa ndani ya pete ya chuma, na kipande cha mnyororo. Placide akavua kofia.

Jirani yangu Charlotte, bibi mweusi wa huku huku, ndiye hukaa na Nusra nikiwa kazini. Jioni nikamuuliza pale palikuwa nini. Akanambia watu wa huku walipigana wenyewe kwa wenyewe, kusini na kaskazini, kwa ajili ya watumwa. Vita vikaisha, watumwa wakaachiwa. Babu yake alikuwa mtoto. Akakua, akajenga kanisa na wenzake, akapiga kura. Halafu wenye mashamba wakashika utawala tena. Siku moja babu akakamatwa njiani, kosa lake kutembea bila kazi. Akafungwa, gereza likamkodisha kwa wenye mashamba ya miwa. Hakurudi. Walioachwa waliambiwa tu yuko kule mtoni. Nikasema nilidhani utumwa uliisha na vita. Charlotte akacheka, si kicheko kizuri.

Kesho yake, wenzangu wakila, nikaiokota ile mifupa. Nikaifunga kwa leso, nikaizika pembeni, nikasoma Fatiha. Tumelelewa hivyo, maiti hatupwi bila nguo. Sikufikiri mbele. Alhamisi tingatinga likachimba mtaro pale pale. Leso ikatoka, nyekundu vile vile.

Nyapara hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliitundika kwenye mlango wa ofisi yake, akasema mwenyewe aje aichukue, na aje na kile chuma. Mifupa ikarudishwa shimoni. Anajua leso ni yangu. Anasubiri. Akatwambia pia anajua nani hana makaratasi, na watu wa uhamiaji ni simu moja tu. Placide anisihi niiache, ati nguo ni nguo. Tangu jana gari jeupe lasimama ng'ambo ya nyumba yangu. Injini yanguruma, mtu hashuki.

Jumatatu lori za simiti zaja kulifunika lile shimo.

Sasa neno lenyewe. Sina makaratasi, Hasina. Nilikuwa hapa kwa visa ya Nawal, kwa kazi yake ya unesi. Alipokufa, ikafa naye. Na kile chuma ninacho mimi. Sikukizika. Niliona yule mtu asilale nacho tena.

Leo asubuhi nimempa Charlotte akishike. Hakulia. Kufuli lake limeliwa na kutu, akakifungua, akakivaa mguuni, juu ya soksi, akakaa nacho muda mrefu. Kisha akawapigia simu watu wa kanisa lake. Jumatatu watasimama mbele ya lori, lakini wanataka mtu aliyeona awaonyeshe shimo. Placide hawezi, ana watoto watano. Nimesema nitaonyesha mimi. Kwanza nitaishusha leso ya Nawal, nyapara akitazama.

Nikichukuliwa, Nusra atabaki na Charlotte mpaka mpange. Simu ikilia na ukasikia Kiingereza, usikate. Ni Nusra.

Wasalimie wanao wote na majirani wa hapo Kuze. Kwenye kaburi la mama nisomee na mimi.

Nduguyo,
Sufyan