Chumvi ya padri na Subaru yangu

Benny, uko wapi? Miye sirudi tena kwenye parokia. Nimemufokea padri. Padri!

Unajua vile niliitengeneza Subaru yangu: turbo mpya, ressorts fupi, zile springi za kuishusha, na wiki nzima fundi wa Ndosho alilala chini yake akiipaka dawa ya kutu.

Mama akasema gari haiwezi kutembea bila baraka. Sawa. Miye mwenyewe njo nikaomba padri anyunyizie maji mpaka chini ya gari, nikaiinua na kriki. Watu wote wa misa wanaangalia.

Padri akatia chumvi ndani ya maji ya baraka. Chumvi, Benny! Nikapiga kelele: "Mon père, hapana! Chumvi inaleta kutu!"

Mama akafunika uso na kitenge.

Padri akaniuliza polepole: "Mwanangu, kati ya shetani na kutu, unaogopa nini zaidi?"

Benny, nilikuwa bado nafikiri!

Basi wakaleta maji ingine, bila chumvi. Akabariki. Nikaondoka, turbo inalia. Pale tu kwenye mulango wa parokia, jiwe la volkano likakwangua dawa yote, toka mbele mpaka nyuma.

Padri akanifuata na ile maji ya chumvi. Akabariki jiwe.