Shemeji Ameezeka, Mimi Ndiye Mkaguzi

Mpendwa mshauri, kabla hujanicheka naomba unisaidie, maana nikimweleza mtu mwingine yeyote habari itamfikia mama mkwe kabla sijafika nyumbani, na hapo ndoa yangu itavuja hata mvua haijanyesha. Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, na kazi yangu ni kukagua nyumba mpya kabla wenyewe hawajahamia, napanda ngazi, naingia darini na tochi mdomoni, kisha nashuka na kuwaambia watu yale ambayo fundi wao aliomba Mungu wasiyajue, na kwa kazi hii nimeona mengi, nimeona tundu la paa limezibwa kwa soksi, nimeona bati limefungwa kwa kamba ya kiatu, nimeona gata, ule mfereji wa kubeba maji ya mvua, imeelekezwa vizuri kabisa kwenye dirisha la chumba cha kulala, na siku zote nimesema ukweli bila kupepesa macho, hadi zamu ilipofika kwetu.

Mume wangu na ndugu zake wamemjengea mama yao nyumba, nyumba nzuri, kuta zimenyooka, sakafu inang'aa mpaka unaona aibu kuikanyaga, lakini walipofika kwenye paa mama akasema paa ataezeka kitinda mimba wake, huyu shemeji yangu ambaye pale nyumbani wanamwita Injinia kwa sababu aliwahi kumchanganyia zege fundi mmoja mpaka walipogombana, na mimi niliyesomea majengo wananiita mama watoto, sina kinyongo, nataja tu.

Basi tukaenda wote kuiona nyumba ilipokwisha, mama akaniambia mbele ya watu, "Mkwe wangu, si ndiyo kazi yako hii? Panda basi, ujifunze kwa Injinia," wote wakacheka, na mimi nikacheka, nikapanda. Mshauri, nilipoingiza kichwa darini sikuhitaji tochi, mwanga ulikuwa unapenya kila upande kama chai kwenye chujio, misumari imepigwa kwa wingi na kwa bidii lakini mingi haikugusa mbao hata kwa bahati mbaya, inaning'inia tu hewani, bati za chini zimelazwa juu ya bati za juu, kwa hiyo maji yakiteremka yanakaribishwa ndani moja kwa moja, na ile mbao kubwa inayobeba paa juu ya chumba cha mama imekatika katikati ikaungwa kwa msumari mmoja na mpini wa ufagio, naomba usidhani natia chumvi, ni mpini wa ufagio, bado una lebo ya dukani.

Shemeji alikuwa amepanda nyuma yangu, nikamuuliza kwa sauti ya chini ili nisimvunjie heshima, "Shemeji, haya matundu yote?"

"Nyumba lazima ipumue, shemeji."

"Na bati la chini kukaa juu ya la juu?"

"Mtindo mpya huo."

"Na gata imeinama kuelekea nyuma, maji yatapandaje mlima yafike kwenye bomba?"

Akaniwekea mkono begani kama anayenifariji msibani, akasema, "Maji ni kama mtu, shemeji. Yatazoea."

Nikashuka, nikawakuta wote wamesimama sebuleni wananitazama, mama amekunja mikono kifuani, wifi yangu ana simu tayari kupiga picha, mama akauliza, "Enhe, mkaguzi, umeonaje?" na mume wangu akanikanyaga mguu, tena kwa kisigino, na mimi, mshauri, mtu mzima niliyewahi kumfukuza mkandarasi kwenye kazi yake mwenyewe, nikasema, "Nimeona mwanga." Mama akapiga vigelegele, wifi akapokea, Injinia akabebwa juujuu mle ndani.

Tulipoingia kwenye gari nikamweleza mume wangu yote, mpaka ule mpini, naye akasema, "Unataka mama alie? Huyu mtoto kwa mara ya kwanza maishani amemaliza kitu alichokianza. Tutarekebisha kiangazi." Nikamwambia kiangazi kinakuja baada ya mvua. Akasema, "Basi ataweka ndoo." Tangu siku hiyo hasemi na mimi ila kupitia watoto, "mwambieni mama yenu chumvi imezidi", na mimi nimekaa pale pale mbele yake na kijiko mkononi.

Tena kuna baya zaidi, jirani ya mama kuna mwalimu mmoja, mjane, anajenga nyumba yake kidogokidogo, na shemeji amemwambia kwamba kazi yake imepitishwa na mkaguzi, yaani mimi, kwa hiyo mwalimu amempa paa lake alianze wiki ijayo. Mama naye anahamia Jumapili, wageni wamealikwa, na wameshapanga nisimame niseme neno juu ya kazi ya Injinia. Nikisema ukweli nimemwaibisha mama, nikinyamaza nimemlaza chini ya mpini wa ufagio. Nifanyeje?

Mkaguzi Mwenye Kiungulia

MSHAURI ANAJIBU:

Pole, mwanangu. Tena chukua pole nyingi sasa hivi, maana zitakwisha upesi.

Barua yako sikuiacha ingoje zamu ya kuchapwa. Nilikupigia simu siku ileile, kwa kuwa mawingu hayasomi gazeti. Lakini wasomaji wengine nao wana mashemeji, kwa hiyo nayaweka hapa niliyokuambia.

Ulitumwa kukagua paa, ukashuka kama mtu aliyeokoka. Umeona mwanga! Ungelikuta paa lile kwa mtu baki usingemruhusu aingize hata kigoda. Mama aliyemzaa mumeo ndiye umeona anatosha kupewa ndoo? Mumeo naye anasema hataki mama alie. Hapo amesema kweli: mbao ile ikimwangukia, hatalia.

Injinia simlaumu kama mnavyotaka nimlaumu. Mtu aliyepigiwa makofi kwa kila alichokivuruga tangu utotoni atajulia wapi kwamba amekivuruga? Paa lile amelipigilia yeye, lakini mlimshikia nyundo nyote.

Nilikuambia uanze kwa mwalimu, siku hiyohiyo, kabla hujaweka sufuria jikoni, kwa sababu jina lililouzwa kwake ni lako. Kisha umfuate mama peke yake. Usiitishe kikao, kikaoni ukweli hupigiwa kura na hushindwa. Usimseme mwanawe hata neno moja. Mketishe kwenye chumba chake, panda juu na mpira wa maji, kisha bomba lifunguliwe. Maji hayana shemeji wala mama mkwe.

Ukaniuliza, "Na akinichukia?" Nikakujibu akuchukie akiwa hai.

Jana umenipigia kunipa habari, nami kwa ruhusa yako nazieleza. Mwalimu alikusikiliza akiwa amesimama langoni, akakushukuru, kisha akakuuliza swali moja tu: ulikuwa wapi siku zote hizo? Swali hilo usilisahau.

Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya chumba chake kitupu, akasema mfanye haraka ana shughuli zake. Ukapanda, jirani mmoja akafungua bomba. Maji hayakuzoea chochote. Yalishuka begani kwake, yakashuka ukutani, yakashuka pale alipopanga kuweka kitanda, naye hakuinuka. Aliposema "Funga" sauti yake ilikuwa ndogo. Ulipoingia ukamkuta ametazama juu, kwenye ule mpini.

"Ulijua?" akakuuliza.

"Nilijua, mama."

"Na mume wako?"

"Nilimwambia."

Akajifuta uso kwa kiganja, akasema, "Mliniogopa. Hakuna hata mmoja aliyeniogopea."

Mwanangu, nimefanya kazi hii ya ushauri miaka mingi, na sentensi hiyo ningependa niwe nimeisema mimi.

Injinia aliitwa. Akaja na maelezo yake ya bati kuhitaji muda wa kutulia, na mama, ambaye hajawahi kumkatiza kauli tangu azaliwe, akamwambia, "Kaa hapa nilipokaa, uniambie tena." Akakaa. Bomba likafunguliwa. Akainuka ameloa, akaenda kuleta ngazi. Sasa nasikia wageni wameambiwa wangoje, fundi mwingine amekuja, bati zimeshushwa, na Injinia ndiye anayemshikia ngazi na kumpa misumari, mama akiwa amekaa nje anauliza kila nyundo inapolia, "Hiyo imegusa mbao?" Hiyo ndiyo shule aliyoikosa kijana yule, naye ameipata kwa mama yake mwenyewe, akiwa na ndevu tayari.

Umeniuliza la mwisho, kwamba mumeo bado amenuna na ufanye nini. Usimbembeleze. Pakua chakula, mwite mara moja, kisha ule. Mtu aliyeaibika mbele ya mama yake hupona kwa mwendo wake, na wewe hukumkosea kitu. Akirudi kuzungumza, msijadiliane kuhusu Injinia. Mwambie tu kwamba siku nyingine akikukanyaga mguu utapiga kelele.

Na fundi atakapomaliza, usitume mtu. Vaa viatu vyako vya kazi, panda mwenyewe, kagua msumari baada ya msumari, hata kama chakula kinapoa na ndugu wote wanakungoja. Kisha shuka, simama mbele ya mama mkwe, umtazame machoni, na umwambie kwa neno ambalo hata mtoto mdogo atalielewa: linavuja, au halivuji.