Mbega Hana Gumba

Msambweni, Kwale
Alhamisi, 12 Februari 2026

Mdogo wangu mpenzi Bushra,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natanguliza salamu kabla ya jambo lolote, maana Mama alitufunza kwamba barua isiyo na salamu ni mgeni aliyeingia bila hodi. U hali gani, na shemeji hajambo? Kifua cha binti yetu Ummi kimepoa, au baridi ya huko bado inamsumbua? Ukitaka kujua ya huku, sisi tu wazima, Alhamdulillahi. Mwezi wa Ramadhani uko mlangoni, na hatuna la ajabu ila joto.

Barua hii anakuja nayo Fauzia, yule binti aliyekuwa mapokezi katika hoteli moja ya Diani, ambaye amepata kazi huko Kanada kwenu na anasafiri Jumapili. Katika mfuko nimekutilia achari ya ndimu, ubani, pilipili ya kusaga, na chini kabisa glavu za Ummi. Najua utashangaa kaka yako kaandika barua na simu anayo mfukoni. Lakini yapo mambo ambayo nikiyasema kwa simu sauti hunikimbia, na hili nimelikimbia mwaka mzima. Linamhusu Mama. Kwa hiyo tafadhali soma mpaka mwisho, na usinipigie kabla hujamaliza.

Nianze na glavu, kwa kuwa ndizo ulizoniuliza. Ummi huagiza kwa bibi yake kila mwaka glavu za kufumwa zenye sura ya mnyama mmoja wa kwetu. Mwaka wa kwanza alikuwa chui, wa pili palahala wa Shimba Hills, ambaye pembe zake ulisema zilikuwa zikinasa kwenye mkono wa koti, na wa tatu kasa. Safari hii, tangu Agosti, akaagiza mbega, yule mnyama mweusi mwenye mvi ambaye watu wa Diani wamemfungia ngazi za kamba juu ya barabara ili avuke bila kukanyagwa na magari. Theluji ikaanza, ikashika, na soksi za mikono, kama Mama anavyoziita, hazikuja. Uliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza nikasema uzi mweusi umeadimika. Mara ya pili nikasema macho ya Mama yana ukungu. Mara ya tatu nikasema mtandao unakatika, na aliyeukata ni mimi.

Ukweli ni kwamba glavu hizi nimezifuma mimi. Ndiyo, mimi kaka yako, dereva wa tuktuk, ambaye kifungo cha shati kikikatika huvaa hivyo hivyo mpaka Idi.

Nilimwendea Kache, jirani wetu wa mlango wa pili, yule mke wa mkata miwa wa Ramisi. Unakumbuka kwamba yeye kufuma alifundishwa na Mama, enzi zile walipokuwa wakikaa barazani kufuma vitambaa vya makochi, kwa hiyo elimu imezunguka tu ikarudi nyumbani. Kache alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniuliza kama tuktuk imenishinda. Nilipomweleza sababu aliacha kucheka, akanipa sindano yake ya kulabu, akanionya kwamba mwanafunzi haanzi na uzi mweusi kwa kuwa vitanzi havionekani. Nikamwambia mbega ni mweusi, na mimi siye niliyemuumba.

Kuisimulia kazi yenyewe ni rahisi. Unapiga vitanzi sita, unavifunga mduara, sita unavifanya kumi na viwili, mduara unapanuka mpaka utoshe ncha za vidole vya mtoto, halafu unazunguka tu bila kuongeza, mfano wa kofia ndefu iliyokonda. Lakini mimi niliukaza uzi kama ninayefunga gunia kwenye keria, hata sindano ikakosa pa kupenya. Kache akaniambia niulegeze, uzi si mbuzi wa kuchinjwa. Tena joto hili la kaskazi, Bushra! Sufu inanata kwenye jasho, nikijipangusa uso nabaki na ndevu nisizokuwa nazo. Glavu yangu ya kwanza ilipokamilika iliweza kuvaliwa na mkia wa paka. Ya pili Kache aliitazama huku na huku, akaniuliza kwa adabu kama ni mfuko wa chumvi.

Nilikuwa nikifumia kijiweni nikingoja abiria. Madereva wenzangu waliniita Bi Sufu kwa wiki mbili, wakaniuliza naolewa lini, nikawajibu kwamba mahari yangu hawaiwezi. Usidhani nawalalamikia. Kicheko chao ndicho pekee nilichokuwa nikikisikia kutwa, na nyumbani nilikuwa sina haraka ya kurudi.

Ila kilichonichelewesha si ugeni wa mkono. Nikitoka asubuhi nilikuwa nachukua glavu moja ya kufumia kijiweni, na mwenzake, iliyofika nusu, naiacha juu ya kabati. Nikirudi adhuhuri nakuta donge la uzi, limeviringwa vizuri, na glavu haipo. Nikawashuku watoto wa Kache. Kache, ambaye hukaa na Mama ninapokuwa kazini, akaniambia niwaombe radhi watoto wake, kwani anayefumua ni Mama. Huitafuta ncha ya uzi kwa ukucha mpaka aipate, kisha huvuta taratibu, kitanzi baada ya kitanzi, huku akiviringa. Mara nne nilianza upya, mara nne alifumua. Mara ya tano sikuificha. Niliiweka mwenyewe mapajani mwake, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba akifumua ndipo anapotulia. Saa nyingine zote huzunguka nyumba akitafuta mlango wa kwenda kwao, na kwao ndiko huku huku.

Sasa nadhani umeshaelewa ninakoelekea. Unamkumbuka yule kasa wa mwaka juzi aliyekuwa na macho matatu? Ulicheka ukasema Mama kazidi utani. Haukuwa utani. Alianza kwa kusahau chumvi, akafuatia kwa kusahau rakaa, akafika pahala pa kuniuliza baba yuko wapi, ilhali tumemzika pamoja. Nilimpeleka kwa daktari. Akasema ni maradhi ya usahaulifu, na kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha nyuma.

Mama mwenyewe, siku zile akili ilipokuwa bado mikononi mwake, aliniita chumbani akafunga mlango. Aliniapisha nisikwambie. Alisema makaratasi yako ya ukaazi hayajatoka, na ukitoka huko kabla hayajatoka huenda wasikuruhusu kurudi kwa mumeo na mwanao, naye hataki kuwa sababu. Nikaapa. Nikakudanganya kwamba kioo cha simu kimepasuka ili usimwone uso. Na kila Ijumaa ulipopiga nilimwekea simu sikioni kwa muda mfupi, kisha nikaichukua.

Utajiuliza vipi hukutambua. Nami nilijiuliza, mpaka nikasikiliza vizuri mnavyozungumza. Unamwamkia, anaitika. Anakuuliza hujambo, mume hajambo, mtoto hajambo, habari za huko, za kazi, za afya, mvua imenyesha? Unajibu, nawe unauliza, anajibu njema, njema, Alhamdulillahi. Salamu zetu ni ndefu, Bushra, na Mama amezisema miaka sabini. Vyote vimetoka kichwani mwake, salamu zimebaki. Mkimaliza kuamkiana dakika nne zimepita, nawe umeridhika kwamba umezungumza na mama yako.

Nirudi kwenye glavu kidogo, kuna jambo lazima ulijue. Mwezi uliopita nilizimaliza zote mbili huko huko kijiweni, na nyuso zenye mvi nikazitia, na magumba pembeni, kwani mtoto bila gumba atashikaje kitu. Mama akaichukua ya kushoto, akaigeuza, akafumua gumba peke yake. Mengine yote aliyaacha. Akaukaza uzi kwa meno akapiga fundo. Nikalifuma tena. Kesho yake akalifumua tena. Nikamuuliza, bila kutaraji jibu, gumba limemkosea nini. Akanijibu kwa sauti yake ile ya zamani ya kumkemea mwanafunzi, kwamba mbega hana gumba, na anayetaka kufuma mnyama na amtazame mnyama kwanza.

Nilimwomba Kache amkalie, nikaenda Diani wakati ule ule. Nilisimama chini ya ngazi ya kamba mpaka walipovuka, mmoja akakaa karibu akinitazama. Ana vidole vinne, na mahali pa gumba pana kinundu tu. Nimezaliwa huku, nimepita chini ya wanyama wale miaka nenda miaka rudi, na sikujua. Mama alijua. Nilirudi mbio nimwambie umesema kweli, umesema kweli Mama! Nilipofika alikuwa ameshapotea tena, ingawa amekaa pale pale nilipomwacha.

Sasa lile lenyewe, ambalo hata Kache hajui.

Ramadhani iliyopita, siku ya tatu, niliingia asubuhi na ndoo ya maji nimwoshe. Mama aliponiona aliinuka, akajitanda kanga vizuri, akaniamkia shikamoo. Akaniita kaka Athmani. Mjomba Athmani alifariki wewe hujazaliwa, na watu husema nimechukua sura yake. Nilisimama na ndoo yangu. Mwanamke aliyenizaa ananipa shikamoo, Bushra, nami sina pa kuiweka. Akairudia. Akairudia mara ya tatu, na uso ukaanza kumwiva kama wa mtu aliyenyimwa salamu na mkubwa wake bila kosa, machozi yakamlenga. Basi nikaitika. Nikamwambia mama yangu marahaba. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa kwikwi.

Tangu siku ile huniamkia kila asubuhi, na kila asubuhi naitika. Karibu mwaka sasa. Sijui nitamjibu nini Mwenyezi Mungu akiniuliza.

Wewe hajakusahau. Kila alasiri hukaa mlangoni kukungoja utoke chuoni, kama ungali mtoto wa madrasa, na vitumbua viwili amekufunikia kwa kawa. Huniuliza mimi, yaani humuuliza kaka Athmani, mbona Bushra kachelewa leo. Hapo ndipo penye uchungu wangu, na nitausema bila kuuremba: nakuonea wivu. Mimi ninayemwosha na kumlisha nimefutika, na wewe usiyekuwepo unawekewa vitumbua. Siku moja nilichoka, nikamwambia kwa hasira kwamba Bushra harudi. Alilia mpaka magharibi. Baadaye akasahau alichokuwa akililia, lakini mimi sijasahau, nami nakuomba msamaha wewe, kwani yeye hawezi tena kunisamehe kwa jambo asilolikumbuka.

Leo nakivunja kiapo, na kafara yake nitaitoa. Sijui makaratasi yako yamefika wapi, na sikuamrishi. Una mume, una mtoto, na Mama mwenyewe alitaka ubaki. Lakini alitaka hivyo alipokuwa akijua tofauti ya kukuona na kutokukuona, na mimi siwezi tena kuubeba uamuzi huu peke yangu huku nikikuchekea simuni. Kama kuna njia, njoo angali anakungoja. Pengine hatamjua mwanamke mzima atakayeingia mlangoni. Lakini vitumbua vyako utavila mwenyewe, badala yangu mimi ninayevila kila jioni ili asubuhi asivikute.

Glavu ya kulia ina gumba, nimelifuma mimi, nalo limekaa upande kidogo, mtanisamehe. Ya kushoto haina. Mwambie Ummi kwamba ile ya kushoto ni kazi ya bibi yake, na kwamba asishike kitu kwa mkono huo, autie mfukoni tu upate joto. Akiulizwa na wenziwe shuleni, aseme hivyo ndivyo mbega alivyo.

Kache anakusalimu sana, na wanawe, na anasema uzi mweusi uliobaki ameuhifadhi. Mpe shemeji salamu zangu za heshima, umbusu Ummi kwenye mikono yote miwili. Ramadhani Karim mapema, na dua zenu msitunyime. Nilipoanza nilikuandikia kwamba sisi tu wazima. Hilo niliandika kwa mazoea, kama Mama kwenye simu.

Nina ombi la mwisho, dogo. Katika nyumba hii mimi ni Athmani. Kijiweni ni Bi Sufu. Kache huniita baba tuktuk. Hapo chini nimetia jina langu. Ukilifikia, hata kama upo katikati ya watu, lisome kwa sauti.

Ndimi kaka yako akupendaye,

Abdulbasit