Kompyuta Inasema Mimi na Wewe Tuna Amani

Kituo cha Utafiti wa Jamii,
Ghorofa ya tatu, nyuma ya maktaba.
Jumanne, 9 Juni.

Mpendwa Binamu,

Hujambo huko uliko? Vipi goti lako, na yale mafua yanayokushika kila baridi ikianza? Sisi huku wazima. Shangazi yako, mama yangu, presha imeshuka tangu aache kubishana na mwenye nyumba. Bibi macho yamepungua nguvu, lakini ulimi bado wembe.

Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezichana. Nimekaa, nimesimama, nimefungua dirisha, nimelifunga, mpaka mwenzangu wa meza ya pili ameuliza kama nimekalia siafu. Ningekuandikia kwenye simu, ila kwenye simu vidole vyangu vikiona jina lako vinashika adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonitoa kitini.

Unakumbuka niliomba ruhusa ya kila mtu kwenye kundi letu la familia, ili ujumbe wetu utumike kwenye utafiti wangu? Tunataka kujua familia zilizotawanyika zinashikamana vipi. Zamani tungehoji watu mmoja mmoja na kuandika. Siku hizi tumekusanya ujumbe wa miaka mitano kutoka familia nyingi, majina yamefichwa, na programu ya kompyuta inausoma wote na kuupa alama: huu wa ugomvi, huu wa amani. Kazi ambayo ingenizeesha, yenyewe inaimaliza nikiwa nakunywa chai.

Basi wiki iliyopita matokeo yakatoka. Iliyoongoza kwa ugomvi ni Familia ya Saba. Mtakwimu wetu, tunayemwita Bwana Desimali kwa sababu hata umri wake anautaja na nukta, akanisomea mifano kwa uso wa msiba. "Kuna mama hapa ametelekezwa," akasema. "Anamwambia mumewe, umeniletea mke mwenza asiyejua hata kuchemsha maji, nakuja kumfukuza." Nilicheka mpaka nikashika meza. Alikuwa Bibi, akimtumia salamu kaka yangu baada ya harusi.

Nikamweleza kwamba bibi na mjukuu wake hutaniana, binamu na binamu vilevile, na anayekutukana hivyo ujue amekukumbuka. Desimali ni muungwana, aliona haya. Tumekubaliana kuifundisha programu upya: kwanza ijue nani ni nani kwa nani, ndipo itoe alama. Profesa amenuna maana ripoti itachelewa. Anune tu.

Ningekuwa nimetulia hapo. Lakini kabla ya kuzima mashine nikashuka mpaka mwisho wa matokeo, niwaone wenye amani kupita wote. Watu wawili, Familia ya Saba hiyo hiyo. Miaka miwili, hakuna neno kali hata moja. "Asante sana." "Nashukuru kwa kunijulia hali." "Mungu awabariki." "Nawe pia." Nilidhani ni watu waliojuana juzi. Kumbe ni mimi na wewe.

Toka hapo sina raha. Nimerudi nyuma kusoma tulivyokuwa. Uliniita Redio kwa sababu sizimiki. Mimi nilikuita Masikio, na kila mwenye macho anajua kwa nini. Nilipofeli mtihani wa udereva ulinitumia picha ya punda, ukaandika, "Anza na huyu." Halafu Mjomba, baba yako, akafariki, ukashindwa kufika maziko, na sote tukaanza kukusemesha taratibu kama mtu mwenye homa. Pole sana, Binamu. Pole ile haikuisha. Ukatujibu vizuri, ukazidi kutujibu vizuri, na mpaka leo hujasema unakuja lini. Bibi anakuulizia kila Jumapili. Naogopa, nakuambia wazi. Naogopa tutaheshimiana mpaka tupoteane.

Kwa hiyo chukua hii, nimekutunzia tangu siku ile. Gari lililombeba baba yako liliharibika njiani. Sisi tumesimama makaburini, jua la utosi, tunasubiri, kila mtu anaangalia saa kwa kificho. Nawe unamjua baba yako, mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Nikasema moyoni, Mjomba bwana, hata leo. Kicheko kikanipanda, nikageuka kukutafuta nikunong'oneze, maana ni wewe peke yako ungecheka. Nikakuta bega la mtu nisiyemjua. Nililia palepale, na watu wakadhani namlilia Mjomba tu.

Mama anakusalimu sana. Kaka anakusalimu, pamoja na mke mwenza wa Bibi, ambaye maji anachemsha vizuri kabisa. Bibi mwenyewe anasema umemtelekeza na anadai talaka yake uilete kwa mkono wako, siyo kwa simu. Hayo nimeyaandika kama alivyoyatamka.

Mungu akulinde na baridi ya huko, akupe kazi yenye heri na usingizi mtamu, na akujalie kofia ya kukutosha, ingawa kwa masikio hayo kitambaa kitahitajika kingi.

Usinijibu asante. Ukithubutu kuniandikia "Mungu awabariki", barua nairudisha.

Wako akupendaye, na asiyekuheshimu hata kidogo,

Redio