Siku bamama ba Butembo balipanda kulia pamoja na mimi

Siku ya Mungu, asubuhi. Mvua ilinyesha usiku muzima, njia ni matope tupu, mais mimi niko nacheka peke yangu ku mulango. Masika, mujukuu wangu, njo anaandika mu telefone vile ninasema. Nimemukataza kunyoosha maneno yangu.

Jana nilicheza teatre. Mimi, koko mwenye hajaingiaka mu kalasi hata siku moja.

Mwalimu wa Masika, mutu wa Kasaï, serikali njo ilimutuma huku, alichukua roman moja ya zamani, nene sawa tofali, akaigeuza teatre ya batoto ba shule. Ni habari ya mujane mwenye bashemeji banataka kumunyanganya shamba. Mu kitabu, ule mujane anawaza tu, kurasa na kurasa. Mais ku estrade, mbele ya batu, mawazo haionekane. Donc mwalimu akamupa jembe ya bwana yake, akamufanya aongee nayo.

Nilipenda ile akili. Mimi pia niliongeaka na jembe ya marehemu wangu, kule Kalunguta.

Binti mwenye alipashwa kucheza mujane alihamia Kyavinyonge na mama yake. Mimi nilikuwa nimeshika maneno yote, juu Masika alikuwa anayarudilia mu jiko kila magaribi. Mwalimu akaniomba. Préfet, mukubwa wa shule, hakutaka: mutu mwenye hasomi atakwama katikati. Mwisho akaitika, mais akasema nikikwama, teatre inaishia hapa, batoto hapana kwenda kuicheza Beni.

Niliogopa. Kwa nini nidanganye?

Mu teatre, bwana wa mujane alipokufa, karatasi ya mwalimu ilisema nilie kidogo. Mimi sijue kulia kidogo. Nililia Kinande, luga yetu, vile tunaliaka mufu wetu.

Njo bamama benye balikuja kuangalia mu salle balisimama. Balifunga vitambaa ku kichwa, balipanda ku estrade, balikaa chini pembeni yangu, kilio ikajaa nyumba. Kwetu, mujane hapana lia peke yake. Mama moja mwenye anauzishaka makala ya kupikia alinifunika na kikwembe yake ya kujifunga, akaniuliza mu sikio:

"Pole, mama. Alikufa na nini?"

"Ni ya kitabu," nikamwambia. "Lia tu."

Mwalimu alikuwa nyuma ya pazia, mikono ku kichwa. Préfet alikuwa amesimama. Nilijiambia, sasa ao basi. Nikakamata jembe, nikaanza kuongea nayo. Bamama bakanyamaza. Nilisema yote, hata neno moja halikuanguka.

Mutoto mwenye alikuwa shemeji mukubwa alinyoosha mukono akamate jembe. Aliangalia macho ya bale bamama, akarudisha mukono.

Salle muzima ikapiga makofi mpaka mabati ikalia.

Préfet alikuja kunisalimia na mikono mbili. "Koko," akasema, "Beni mutaenda." Mwalimu naye anasema ataandika bamama mu teatre, hata kama hawako mu kitabu. Mu kitabu ule mujane alikuwa peke yake. Huku kwetu, hapana.

Moyo yangu iko juu sana leo, na furaha.

Kesho nitaenda kumuona mama wa makala, nimurudishie kikwembe. Nitamuomba afunge biashara siku moja, aende kulia Beni.

Najua ataniuliza tena ni nani amekufa.