Cherehani Iliyotangazwa Mtito Andei

Kiboko, Jumanne

Kwako Baba mpendwa,

Ni matumaini yangu barua hii inakukuta salama huko Kanyangi, na goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku tu wazima, watoto wanaenda shule, na Bwana anatulinda.

Baba, najua umeshasikia maneno ya shemeji Kilonzo. Sasa sikia yangu.

Unakumbuka tulipomzika mume wangu Muli, Kilonzo alibeba cherehani yangu akisema mali ya marehemu ni ya ukoo. Nilikwambia niliinunua kabla sijaolewa. Ukaniambia ninyamaze, nitunze amani. Nikanyamaza miezi saba, nikishona kwa mkono.

Mwezi uliopita jirani yangu Kavata alinionyesha tangazo kwenye simu: cherehani ya miguu inauzwa Mtito Andei. Niliitambua kwa ile droo niliyoipaka rangi ya kijani. Nikamwandikia muuzaji nikijiita Wangechi. Nikavutana naye bei wiki nzima, kisha nikaomba picha ya namba iliyochongwa chini ya mashine. Akaituma mara moja, akidhani amepata mteja.

Tulikutana kwenye hoteli kando ya kituo cha mafuta, cherehani akiwa ameileta. Kilonzo aliponiona akauliza Wangechi yuko wapi. Nikamjibu, "Ndiye mimi." Madereva wa malori wakaacha chai zao. Akapiga kelele kwamba mimi ni mwizi. Nikatoa karatasi kwenye mkoba, nikasema ni risiti, nikasoma ile namba kwa sauti. Dereva mmoja akainama chini ya mashine, akailinganisha na iliyochongwa, akasema, "Mama, hii ni yako." Wao wenyewe waliipakia kwenye lori, wakanishusha nayo Kiboko.

Sasa nasikia Kilonzo ameita wazee Jumamosi, na wanataka unilete niombe msamaha. Kabla hujawajibu, jua hili, Baba: risiti yangu ilipotea zamani. Karatasi niliyoshika ilikuwa kadi ya mchango wa kanisa. Namba niliitoa kwenye picha aliyonitumia yeye mwenyewe. Cherehani ni yangu, lakini juu ya risiti nilidanganya, na hilo nimemwambia Mungu. Wazee sitawaambia kitu. Jumamosi nina sare kumi na mbili za kwaya za kumaliza.

Ukija kunitembelea, nitakupikia muthokoi. Ukija kunichukua, utarudi peke yako.

Msalimie Mama sana, na wote wa hapo nyumbani. Mungu awatunze.

Ni mimi binti yako,
Kaluki